Taa za Bustani ya Wakwe

Mimi ndiye mkwe niliyejitangaza fundi. Mwezi uliopita nilifunga balbu kubwa mlangoni kwa wakwe zangu, huko Binza, wakanisifu mpaka kichwa kikavimba. Juzi mke wangu akaniambia taa za sola tulizowachomekea bustanini siku hizi haziwaki. Tukaenda, bisibisi mfukoni.

Giza lilipoanza, nikawasha balbu yangu nipate mwanga, nikafungua taa zote sita. Nikasugua kutu, nikabadilisha betri, nikazirudishia. Hakuna iliyowaka. Nikamwambia baba mkwe vitu vya kisasa ni takataka, azitupe.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa heshima ya Kisukuma, yeye na mimi hatuzungumzi ana kwa ana, kwa hiyo alikohoa tu. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikamwambia mke wangu amtafutie dawa ya kifua.

Mara umeme ukakatika. Balbu yangu ikazima, na taa zote sita zikawaka kwa pamoja.

Kutoka jikoni nikasikia, "Mwanangu, mwambie mumeo taa hazijaharibika, zinadhani balbu yake ni jua. Na hiyo dawa ya kifua anywe mwenyewe."