Mota Iliyoacha Kulia Tik

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Tyseley, mtaa wa karakana huku ughaibuni, mashine ya randa ya Mzee Harbans ilipokataa kuzunguka. Mwanangu, usishangae nikikuita hivyo. Mimi bado kijana, na naandika polepole kwa sababu shule niliishia darasa la nane. Lakini ndivyo alivyoniita yeye, na neno zuri ukipewa hulifungii sandukuni.

Mzee Harbans ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, fundi mbao mtoto wa fundi mbao. Randa yake ni ya chuma kizito, na umri wake unanishinda mimi na shangazi yangu tukijumlishwa. Asubuhi hiyo mimi, mwanagenzi wake, nilibonyeza swichi, mota ikavuma tu, kama mtu aliyeamshwa akagoma kutoka kitandani.

"Zima! Zima, utaichoma!" Mzee akapiga kelele. Nikazima.

Jasi, mjukuu wake, akatikisa kichwa. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. "It's dead, Baba." Yaani imekufa; Baba ndivyo amwitavyo babu yake. Akapiga simu, mtu wa vyuma chakavu aje na lori mchana huohuo. Usimhukumu. Alichoka kumwona babu yake akipambana na chuma kile.

"Ikienda hii, nami nimekwenda," Mzee akasema. "Nitakaa nyumbani Stechford nikitazama treni zikipita."

Hata hivyo akachomoa plagi, akaiweka mezani mbele ya macho yetu, maana kwake plagi isiyoonekana ni mbaya kuliko nyoka. Akavua mkanda, akauzungusha mhimili wa mota kwa mkono. Ulizunguka laini.

"Viungo vizima. Basi ugonjwa uko wapi?" Akanigeukia. "Wewe ndiye unayeizima kila jioni. Umeona nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Nilivyolelewa mimi, mkubwa humwambii habari za mashine yake, kama usivyomwambia babu yako kwamba shati lake limegeuka.

"Hakuna, mzee."

"Hata kuku huona kitu kwa siku. Sema!"

"Ile tik," nikasema chinichini. "Ukiizima, ikipunguza mwendo, huwa inalia tik. Juzi ilichelewa. Jana haikulia kabisa."

"Jana! Ukanyamaza?"

"Wewe ni mkubwa, mzee. Nilidhani umesikia."

"Kwa masikio gani?" Akagusa kifaa cha kusikia kilichochungulia chini ya kilemba chake. "Haya yaliliwa na randa kabla mama yako hajaolewa!"

Jasi akaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa woga.

Tik ile, mwanangu, ni ya swichi ndogo iliyomo ndani ya mota. Ndiyo inayoipa nguvu ya kuanza. Mota ikishika kasi, swichi inaachia. Mota ikipunguza mwendo, inarudi mahali pake na kulia tik. Isiporudi, kesho yake mota itavuma tu bila kuzunguka. Mzee akamaliza kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme, kisha tukafungua kifuniko. Swichi ilikuwa imezibwa na vumbi la mbao lililogandamana na utomvu. Mzee alishika tochi, Jasi akashika skrubu, mimi nikasugua kwa brashi.

Tulipokuwa tunarudisha mkanda, lori likaanza kurudi nyuma nje ya mlango. Mzee akachomeka plagi, akabonyeza swichi kuu. Mota ikanguruma, randa ikazunguka. Akaizima, akanitazama usoni. Mlio wenyewe asingeusikia. Alikuwa anaungoja kwangu.

"Imelia, mzee," nikasema, kwa sauti ambayo hata dereva wa lori aliisikia.

Jasi akatoka kumwomba radhi dereva. Mzee akaniwekea mkono begani. "Heshima si utumwa, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe ulikuwa unanifichia maradhi yangu."

Nami nakupa kama nilivyopewa. Mheshimu mkubwa, mwamkie, mpe kiti. Lakini ukiona ufa katika ukuta wake, mwambie ungali ufa. Mwambie kwa upole, ukimwita mzee au mama, hata kama sauti inatetemeka. Pengine anategemea masikio yako, na anaona haya kukuomba.

Mungu akulinde kwenye umeme na kwenye chuma. Akupe mkubwa wa kukuuliza umeona nini, na akupe ulimi wa kumjibu.