Siku Tisa za Wenzake Mama

Tangu niache shule sijatulia. Nimelala Taru kwa madereva wa malori, nimelala Tanga na Lamu. Popote nionapo mashuka meupe yameanikwa, huwakumbuka wanawake kumi wa chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, miaka michache baada ya uhuru.

Mama alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa mpishi wa zamu ya jioni hapohapo. Tulikuwa watoto wawili, na baba alikwisha kusema tutabaki wawili. Watoto aliwapenda sana. Lakini yaya wetu alikuwa ameolewa, na yule tuliyempata Ukunda alitaka karibu nusu ya mshahara wa mama. Tena hoteli ilimpa mzazi likizo ya mwezi mmoja tu. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Aliponizaa mimi, wa pili, mama alirudi kazini siku ya thelathini na moja, na bibi yangu, mzaa mama, akamnunia miezi.

Mama alitamani wa tatu. Siku moja, wakikunja mashuka, alimweleza msimamizi wao, mama mtu mzima wa Waa, kwamba ameamua kuyaacha mawazo hayo. Msimamizi hakuinua hata macho.

"Hapo zimebaki siku kumi," akasema. "Moja ni ya mapumziko yako. Tisa ni zetu. Wewe zaa, mwanangu."

Mdogo wangu alipozaliwa, kila mmoja wa wale tisa alitoa siku yake moja ya mapumziko akafua mahali pa mama. Msimamizi alikwenda kwa meneja kuomba stoo ya magodoro iliyokuwa haitumiki. Alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu akapewa ufunguo, na mama mzazi wa mmoja wao akawa analea humo watoto wachanga, wanawake wakimchangia kidogo kila mmoja.

Baba naye alifua winda, nepi za mtoto, kila asubuhi na kuzianika mbele ya nyumba, watu wazione. Jirani akamtania, "Bwana, dobi ni mkeo au ni wewe?"

"Sote wawili," baba akajibu. "Lete na zako."

Siku ya arobaini bibi alikaanga vitumbua, akavipeleka mwenyewe hotelini, mama akimfuata na mtoto. Wanawake wakamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akamchukua mtoto kwa mama akamweka mikononi mwa msimamizi, kabla hata ya kuketi.

Mwaka uliofuata, siku ya mapumziko yake, nilimwona mama akivaa sare ya kazi. Baba alikuwa amemshika mdogo wangu. Nikamuuliza mama anakwenda wapi leo.

"Mwenzangu amezaa," akasema, akafunga leso yake, akatoka.