Mpira wa Kioo Hauvutwi

Mimi ni fundi cherehani, na magari sikuwahi kuyapenda. Yalinitimulia vumbi kwenye vitambaa pale barazani kwangu Ifakara, basi. Katikati ya miaka ya tisini kaka yangu akachukua kombi bovu la zamani, lile lenye kioo cha mbele cha vipande viwili, kila kipande na fremu yake, akaapa kulifufua. Nilimcheka sana. Aliponiambia sababu, nikaacha kucheka.

Mama yetu alikuwa Mahenge, nyonga imemkataa, hawezi kupanda lori wala kubanwa kwenye basi. Ndani ya kombi angeweza kulala juu ya godoro mpaka hospitali ya Ifakara. Ila masika yakishaanza, barabara ile ya mlimani huwa tope tupu, hapiti mtu. Tungechelewa kidogo tu, mama angebaki kule na maumivu yake mpaka mvua ziishe.

Fundi wa gereji, kule Katindiuka, alikuwa mtu wa kazi kwelikweli. Fremu ya kushoto ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiigusa inamong'onyoka, akakunja mpya kwa bati nene, akiigonga na kuipima, akiigonga na kuipima, mpaka ikakaa sawasawa. Kioo cha kulia kilikuwa bado kimeshika mahali pake. Cha kushoto kilikuwa kizima, kimeegemezwa ukutani na kufunikwa gunia, na kingine cha namna ile hatukujua tungekipata wapi duniani. Kilichobaki ni kukizungushia mpira na kukitia kwenye fremu.

Hapo ndipo pakawa na mkosi. Fundi alikitia jioni, asubuhi tukakuta mpira umeachia kwenye pembe, kidole kinapita. Akakitoa, akakitia tena. Kesho yake ni yale yale. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Udzungwa, na masika hayakuwa mbali.

Siku ya tatu niliwapelekea wali mchana, nikamwona fundi anavyoushika ule mpira. Aliukaza kwa nguvu zake zote, hata akakunja uso. Mara nikaelewa, na hasira zikanipanda. Sisi wote Ifakara tumekua tukifunga magunia ya mpunga kwenye baiskeli kwa mpira wa tyubu, unauvuta mpaka mwisho ndipo unafunga. Mkono wa fundi haukujua mpira wa aina nyingine.

"Fundi, unauvuta!" nilipiga kelele.

"Sasa dada, mpira si ndio unavutwa?"

"Ukiuvuta unarudi! Usiku wote unarudi, ndiyo maana pembe zinaachia. Mkono wa gauni ukiuvuta ufike begani, mtu akiinua mkono tu unachanika."

Kaka akasema, "Mdogo wangu, hapa hatushoni gauni."

"Ndiyo maana mmeshindwa," nikamjibu.

Fundi hakukasirika. Alinitazama, akatazama mpira, akanipa. Nilikata kipande kipya, nikakiacha kirefu kupita kingo za kioo kwa vidole viwili, nikaanza kukilaza kwa dole gumba, pole pole, ile ziada nikiibana kwenye pembe kama ninavyobana kitambaa cha bega. Kazi hiyo mikono yangu iliijua. Iliyofuata ilikuwa ya fundi: alipaka povu la sabuni, akapitisha uzi wa nailoni wa wavuvi ndani ya mfereji wa mpira, ule wa kushika bati, kuzunguka kioo chote, ncha zake zikakutana chini. Akaniambia niingie ndani ya gari. Yeye na kaka wakakiegemeza kioo kwenye fremu kwa nje, viganja vimetandazwa.

"Vuta uzi, dada. Taratibu."

Nikavuta. Na mbele ya macho yangu mdomo wa mpira ukajiinua, ukaruka ukingo wa bati na kulala upande wangu, wenyewe, inchi baada ya inchi, kila uzi ulipopita. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Vitu viwili vigumu, bati na kioo, vilikuwa vinashikana bila msumari wala gundi. Kwenye pembe ya juu kioo kikalia, kak! Kaka akafumba macho. Nikamkumbuka mama, nikavuta tena. Uzi ukatoka wote, ukaanguka mapajani mwangu. Kioo kilikuwa kimekaa. Nikajaribu kila pembe kwa kidole; hakikupita.

Tulilala siku mbili tukisubiri pembe ziachie. Hazikuachia. Siku ya tatu tukavuka mto kwa pantoni, tukapanda Mahenge, tukamlaza mama kwenye godoro.

Mvua ilitukuta tunateremka, na haikuwa manyunyu. Ilipiga kioo kwa hasira. Kaka alikuwa anaangalia barabara kwa jicho moja na ile pembe ya juu kwa jingine, na mimi barabara sikuiangalia kabisa. Nilipitisha kidole pale kwenye mpira, kikarudi kikavu. Nikapitisha tena.

Ndipo nikagundua kwamba mama, ambaye tangu tulipoondoka alikuwa akigumia kwa kila shimo, hasikiki tena. Niligeuka nyuma nikiwa na hofu. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kanga yake kavu toka juu mpaka chini.