Mpiga Picha wa Watu Wasiotulia

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeulalia Mto Kiwira. Muhidini Matano yuko juu ya jiwe linaloteleza, kamera kifuani, kamba kiunoni. Ncha ya kamba ameishika Saulo, mkulima wa jirani, aliyejifunga blanketi mpaka masikioni. Julai huku haina mzaha.

Wanawasubiri vijana watatu wa Kizungu wanaoshuka mto kwa mitumbwi myembamba ya turubai, wakipenya katikati ya miamba kwa makasia. Kwa nini mtu ajitafutie balaa hiyo kwenye maji baridi namna hii, Saulo hajaelewa, wala hajifanyi ameelewa. Muhidini amekodiwa kuwapiga picha, basi.

Lakini ana lake jambo. Kwa miaka mingi, dukani kwake mjini Mbeya, amekuwa akiwakalisha watu kitini na kuinua mkono wa kushoto. Mteja anautazama, anabana pumzi, Muhidini anabonyeza. Ndivyo alivyompiga mama yake, Mwanakhamisi, aliyefariki mwaka jana, mwaka wa 1956. Hiyo ndiyo picha yake pekee.

"Amekaa kama anasomewa hukumu," anasema Muhidini. "Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka. Mimi ndiye niliyemwambia atulie."

Baba yake, Mzee Matano, bado yuko Iringa, na afya yake si ya kutegemea. Muhidini anataka kujifunza kumnasa mtu katika hali yake, asije akachelewa tena.

Jana mazoea yalimponza. Mtumbwi wa kwanza ulipotokea, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe. Kwa hawa wapiga kasia, mkono juu maana yake hatari iko mbele. Kijana akakata kona kuelekea ukingoni, turubai likachanika kwenye jiwe. Hawakumfokea, walimweleza tu, taratibu, kwamba siku nyingine mtu anaweza kufa.

Leo mkono huo ameufunga kwa mkanda wa kamera.

"Fundi, ukipanda tena huo mkono, mimi navuta hii kamba," Saulo anamwonya kutoka nyuma. "Mnakuja huku, wewe na kamera yako."

Mtumbwi unachomoza. Vidole vimekufa ganzi. Muhidini hajui hata kama anabonyeza. Kijana anazama hadi mabegani, anaibuka mdomo wazi, maji yakimchuruzika kidevuni, na mlio mdogo wa kamera unamezwa na ngurumo za maji. Mkono haukupanda.

Filamu atakwenda kuisafisha Mbeya. Huenda ukatoka ukungu mtupu, anakiri. Hata hivyo ameshamwambia mkewe, Rukia, afungashe waende Iringa. Baba ameambiwa wanakuja kusalimia tu.

"Mzee akipata kahawa, ataanza hadithi ya lori lililomkwamisha njiani kule Nyololo," anasema Muhidini, akipuliza vidole. "Haimalizi hiyo, anacheka mwenyewe mpaka machozi. Hapo ndipo nitabonyeza. Picha ikitoka imetikisika, sijali. Ya mama ilitoka safi kabisa."