Mawe Juu ya Bati

Mimi siyo mtu wa kusema "sijui" mbele ya watoto. Nililisema neno hilo mara moja tu, nikiwa mwalimu mpya, darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku ile nikaapa. Kwa hiyo asubuhi niliyoingia Darasa la Tano kufundisha upepo mkali na hali mbaya ya hewa, nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi.

Shule yetu iko Mbeya, upande wa Soweto, lakini mimi ni mtu wa Iringa. Ofisini wananiita "Kamwene", ndiyo salamu ya kwetu, na nikifura kidogo tu wanaambiana, "Mwacheni, damu ya Iringa hiyo." Sikatai. Hasira zangu ziko karibu, ila hazilali mpaka kesho.

Kitabu kilikuwa na picha ya tonado, ya nchi za mbali huko: wingu jeusi limeshusha mkia mpaka chini, na ghala zima limesambaratika. Watoto waliishangaa ile picha mpaka ikabidi nikizungushe kitabu dawati kwa dawati. Mmoja akasema, "Mwalimu, si kisulisuli hiki!" Nikamwambia hapana. Kisulisuli kinaanzia chini, kwenye ardhi iliyopata joto, kinaokota vumbi na mifuko, kinacheza dakika chache kinakufa. Tonado inashuka kutoka kwenye wingu la radi.

Kisulisuli mimi nakijua vizuri. Nikiwa mdogo kule Iringa, mwezi wa tisa, uwanja wa shule umekauka, tulikuwa tunakikimbilia. Watu wazima walituambia ndani yake mna kitu, na ukiingia unapinda mdomo. Wenzangu waliogopa mdomo. Mimi nilitaka kukiona hicho kitu. Siku moja nikajitosa katikati, macho nimeyafumbua. Nilichokiona ni vumbi na karatasi ya pipi. Nikatoka macho mekundu, mama akanichapa, na mpaka leo sijutii.

Mama huyohuyo, mvua ya mawe ikianza, alikuwa anatupa shoka uani, makali yakiwa juu, ati likate upepo. Akishalitupa anatusukuma wote ndani na kufunga mlango. Shoka nililiacha Iringa nilipokwenda chuo, nikawa nalicheka. Lile la kukimbilia ndani nilikuja nalo Mbeya, na bahati nzuri nikalikuta mpaka kwenye kitabu.

Basi, siku ile nilikuwa na chupa mbili za plastiki. Nilitoboa vizibo kwa msumari wa moto, nikavigandisha mgongo kwa mgongo, nikatia maji chupa moja na kuifunga nyingine juu yake. Nilipoigeuza na kuizungusha, maji yakajisokota katikati, yakateremka yakizunguka. Weee! Watoto walipanda juu ya madawati. Kila mmoja alitaka aizungushe mwenyewe. Wakaniuliza kwa nini yanazunguka upande ule na siyo huu. Wakaniuliza tonado ikichoka inakwenda wapi. Nilijibu yote, mengine kwa kubabaisha, na nilifurahi kweli, maana hakuna kitu kitamu kama darasa linalouliza.

Ndipo nikaandika ubaoni kanuni: upepo mkali ukianza, ingia ndani ya nyumba, funga mlango, kaa mbali na dirisha.

Binti wa dawati la pili akanyoosha mkono. Mfupi, sweta limetoboka kiwiko, na siku zote anauliza mpaka kengele inalia.

"Mwalimu, na kama bati lina mawe juu?"

Hakuna aliyecheka. Mtaani kwao, kule juu kilimani, nyumba nyingi zinajengwa kidogo kidogo. Bati halipigiliwi misumari yote, maana kesho ukuta ukipandishwa litatolewa tena, kwa hiyo linakandamizwa kwa mawe na tairi chakavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nazipita nyumba hizo, ya kwao ikiwemo, kila siku nikirudi chumbani kwangu.

"Mawe yamewekwa ili bati lisiruke," nikamjibu. "Ingia ndani."

"Na likiruka?"

"Haliruki."

"Likiruka, Mwalimu, mawe yanakwenda wapi?"

Ala! Zilikuwa zimebaki dakika mbili, na jibu sikuwa nalo. Nikamwambia asijifanye anajua kuliko kitabu, akae chini. Akakaa.

Ijumaa nikawapa jaribio la maswali kumi. La nne lilisema: upepo mkali ukianza ukiwa nyumbani, utafanya nini? Yule binti aliandika, "Nitambeba mdogo wangu twende kwa jirani ambaye bati lake limepigwa misumari." Nikampiga mkasi mwekundu wa kosa, na pembeni nikaandika, "Soma kitabu!" Akapata tisa.

Akanifuata mezani na daftari lake. "Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

"Umetoka nje."

"Kwa hiyo nikae ndani?"

"Ndani."

Akalifunga daftari. Halafu akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Jumanne iliyofuata, saa kumi jioni, watoto walikwisharudi makwao, nami niko ofisini nasahihisha. Wingu likatoka upande wa mlimani, limebadilika rangi, zambarau hivi. Upepo ukafika kabla ya mvua. Bati zima likapita mbele ya dirisha, limelala, likakatiza uwanja kama linajua linakokwenda. Mwenzangu mmoja akapiga kelele, "Kamwene, tonado yako hiyo inakuita!" Nami kwa ujinga wangu nikasimama dirishani kutazama. Nilitaka kuona kama unazunguka, na unazunguka upande gani. Haukuzunguka. Ulikuwa unasukuma tu, na mvua ya mawe ikaanza kutwanga paa.

Ng'ambo ya uwanja lipo banda la kuni la jikoni, bati lake limekandamizwa kwa mawe matatu. Upepo ukaingia chini ya bati, ukalinyanyua upande mmoja. Jiwe la kwanza likaserereka, likadumbukia ndani ya banda. Likafuata la pili. Nilisikia kishindo chake kupita kelele zote za mvua.

Mawe yanakwenda ndani. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nikaikumbuka ile "Sawa, Mwalimu". Mama yake anauza nyanya sokoni Mwanjelwa, harudi mpaka jua lizame. Akitoka shule, binti ndiye anayebaki na mdogo wake wa miaka mitatu. Na mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimemwandikia akae ndani.

Nikavua viatu vya kisigino, nikatoka. Nyuma wananiita, "Una wazimu? Subiri ipungue!" Sikusubiri. Barafu zilinipiga kichwani na mabegani, njia ya kilimani imekuwa mfereji, nikaanguka mara mbili. Nilikuwa naomba kwa sauti, Mungu wangu, huyu mtoto leo awe mkaidi. Maisha yangu yote nimepigana na watoto wakaidi, na siku ile nilimwombea mmoja ukaidi.

Nilipofika, mvua ilikuwa imeanza kulegea. Nusu ya bati la nyumba yao haikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikausukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na maji, vyombo vimetapakaa, na katikati ya godoro, kwenye kona iliyo mbali na dirisha, lilikaa jiwe ukubwa wa sufuria ya ugali. Godoro lilikuwa limebonyea. Nililigusa lile jiwe kwa mikono miwili, sijui kwa nini. Nikaita. Nikaita tena.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Bati lao lilikuwa limetulia, misumari imepangwa mstari kwa mstari. Akatoka mama mwenye nyumba, na nyuma yake binti yangu, mdogo wake amembeba mgongoni kwa khanga, mdogo anatafuna kipande cha muhogo kama hakuna kilichotokea.

Binti aliponiona nimelowa, miguu mitupu, nimesimama mlangoni kwao, uso wake ulibadilika. Akapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisamehe. Nilitoka nje."

Jamani. Nilikaa kwenye msingi wa nyumba yao nikalia kama mtoto. Mama jirani akaniletea kitenge cha kujifunika, naye hajui ninalia nini. Binti bado yuko magotini, ananisubiri nimpe adhabu.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosa. Uliniuliza mawe yanakwenda wapi, nilikuwa sijui."

Hakucheka. Alinitazama kwa makini, vilevile alivyoitazama ile chupa ya maji. Kisha akamshusha mdogo wake, akaingia kwao, akatafuta chini ya sufuria zilizopinduka, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake lilikuwamo daftari, limeloa pembeni tu. Akafungua ukurasa wa jaribio.

"Kwa hiyo, Mwalimu, la nne nimepata?"

Nikajipapasa, sikuwa na peni. Akatoa yake, ya bluu, akanikingia daftari kwa sweta lake lisilowe, mpaka nilipomaliza kuandika kumi.