Gemu ya Marehemu na Fundi Saa

Tangu maduka yajae vitu tena, fundi saa wa Iringo ananunuaga gemu za mkononi za kupanga matofali. Kila gemu ananusa penye betri, anabonyeza kwa ukucha mrefu, anasema, "Imechoka hii." Nilimpelekea ya marehemu mke wangu, betri zinaisha, zikitolewa tu, alama zake za juu zinafutika. Akacheza mara tatu, akashindwa. "Mzee, mama alikuwaga na vidole kumi na viwili?" Bei hakutaja. Akaunga betri mpya kwa nyaya, ndipo akatoa za zamani, ulimi nje. Alama zikabaki. "Siinunui mpaka nimshinde." Naipelekaga kila Jumamosi. Kila Jumamosi marehemu anamfunga.