Mtoto Asiye na Nukta Nyeusi

Saveta Dragulin amefundisha darasa la kwanza kijijini kwetu, upande wa Vaslui, kwa miaka thelathini na moja. Ukutani ana ubao wa majina: mtoto akifanya vyema hubandikiwa nukta nyekundu, akikosea hubandikiwa nyeusi. Nilipotoka chuoni na kupewa darasa la jirani, nilimwambia wazi kwamba ile ni hongo, na kwamba mtoto si mbwa wa kufundishwa kwa mfupa.

"Kijana wangu," alisema akichochea jiko la kuni, "nina watoto ishirini na wawili. Ukiweza kuwatuliza kwa maneno ya kitabuni, njoo nami nikubandikie nyekundu."

Nikamhesabu kuwa adui. Nilimkosea, ingawa ubao wake naupinga hadi leo.

Mwezi wa Februari tulikuwa na mkutano wa wazazi. Mzazi huketi kwenye dawati la mtoto wake, na wengi waliokuja walikuwa mabibi, magoti karibu na kidevu, kwa kuwa akina mama wako Italia kikazi. Saveta alisoma majina kwa sauti. Alipofika kwa Ruxandra, akatabasamu.

"Nyekundu arobaini na tatu, nyeusi hana. Tangu Septemba sijamsikia hata akinong'ona. Hongera, Bibi Parasca."

Bibi Parasca hakufurahi. "Hata mimi simsikii, mwalimu. Paka wangu ana maneno mengi kuliko yeye. Mama yake alimwambia kwenye simu, kusanya nyekundu, usipate nyeusi, nitakuja Pasaka. Basi amefunga mdomo kabisa, asije akakosea."

"Na atakuja kweli?"

"Aje vipi? Yule mzee anayemuuguza kule Torino hana mwingine wa kumgeuza kitandani."

Saveta alimalizia majina yaliyobaki harakaharaka. Hakumsifu mtu tena.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimpigia simu yule mama. Nilitaka kutoka, akanionyesha kiti.

"Doina, ni mimi, mwalimu wako wa zamani. Mwambie mtoto ukweli, leo hii. Mwambie hukupewa ruhusa, na kwamba yeye hana kosa." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Najua, mwanangu. Ulitaka kumpa moyo. Mimi nimefanya baya zaidi. Nimemlipa miezi mitano anyamaze."

Hasira yangu ikamwacha Saveta, ikaenda kwa nchi inayowatuma mama zetu wakageuze wazee wa watu wengine, kisha inawaachia watoto vikaratasi vya rangi.

Siku ya tatu Ruxandra alikuja macho yamevimba; mama yake alikuwa amempigia usiku kumwambia kwamba Pasaka hatakuja, labda kiangazi. Katika kipindi cha pili nilisikia kishindo nyuma ya ukuta, nikakimbia. Mkebe wa kalamu wa Sandu, jirani yake wa dawati, ulikuwa umepasukia ubaoni, na aliyeurusha ni Ruxandra. Darasa zima lilikuwa linaimba, "Nyeusi, nyeusi."

Saveta akaibandika. Nusura nimpokonye mkononi.

Mtoto aliitazama ile nukta. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa ghala, "Sasa na kiangazi hatakuja."

"Atakuja," alisema Saveta. "Upate moja, upate kumi, atakuja akipewa ruhusa. Ubao huu ni wa humu ndani, Ruxa. Mama yako haujui wala hauulizi. Mkebe wa watu haurushwi, basi. Hilo ndilo kosa, na limekwisha."

Ruxandra alifikiri. "Sandu ndiye aliyeanza."

"Alianza nini?"

Akaanza kueleza. Kifutio kilichoibwa, theluji iliyotiwa kwenye buti zake mwezi wa kwanza, jina la bata aliloitwa mbele ya wasichana. Sandu akataka kujitetea.

"Wewe ngoja," Saveta akamwambia, akavuta kiti akaketi. "Endelea, mwanangu. Halafu?"

Kipindi kile hakuna aliyesoma hata herufi moja.